Kabla Ujiite Agnostiki, Skia Stori ya William Ngidi

Kuna swali moja naulizwa sana na watu wa rika langu, na kawaida linaulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hawezi kununua. Swali ni hili: kama namwamini Yesu, lakini kuna vitu vingi kwa Biblia na kwa mahubiri sina uhakika navyo, mimi naitwaje?

Hebu angalia majina tuliyonayo. Umeokoka, au umerudi nyuma. Uko moto, au uko vuguvugu. Umesimama, au umeanguka. Hakuna hata moja lililotengenezewa mtu ambaye ako ndani, ana tashwishi zake, na hana mpango wa kutoka. Yote ni majina ya stendi ya matatu: ama unapanda ama unashuka. Sasa vijana wameanza kutafuta majina kwingine. Kuna wanaosema wao ni agnostiki. Kuna wa "mimi ni wa kiroho tu, sio wa dini". Kuna waliochukua lugha ya Wamarekani ya kubomoa imani na kuijenga upya. Na mzazi akiskia hayo majina, jibu ni moja: hayo ni mambo ya wazungu, umeyatoa kwa simu.

Hapo kwa wazungu ndipo nataka tuanzie, kwa sababu si kweli. Mojawapo ya maswali yaliyotikisa Kanisa la Anglikana vibaya sana karne ya 19 liliulizwa na Mwafrika, Mzulu, akiwa kazini, akisaidia kutafsiri Biblia. Aliitwa William Ngidi. Wengi wetu hatujawahi kuliskia hilo jina, hata sisi tuliofika kampasi. (Mimi nilitoka kampasi kabla ya kumaliza, kwa hivyo inawezekana walimfundisha nikiwa nimeshaenda. Nina shaka.)

Na kabla mtu aniulize: hapana, neno letu shaka halina uhusiano wowote na Shaka Zulu, ingawa stori yenyewe iko kwa Wazulu. Imetokea tu hivyo.

Twende Natal, sehemu ambayo leo ni KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Mwaka wa 1853 Waingereza walimfanya John William Colenso askofu wa kwanza wa Anglikana huko. Colenso alizaliwa Cornwall mwaka wa 1814, na kabla ya uaskofu alijulikana kwa kitu kingine kabisa: hesabu. Vitabu vyake vya hesabu na aljebra vilitumika shuleni kote Uingereza. Yaani kuna watoto wengi walilia usiku kwa ajili ya Colenso kabla hata hajaudhi askofu yeyote.

Alihamia Natal na familia yake mwaka wa 1855, akajenga misheni karibu na Pietermaritzburg, ikaitwa Ekukhanyeni, Kizulu cha mahali penye nuru. Akajifunza lugha kwa bidii, akaandika sarufi, na mwaka wa 1861 akachapisha kamusi ya Kizulu. Pia alikuwa tayari ameanza kuleta maneno: alisema mwanaume mwenye wake wengi akitaka kubatizwa, asilazimishwe kuwafukuza wake zake, maana unawaumiza wanawake na watoto ambao hawana makosa. Wamisionari wenzake hawakufurahia.

Lakini kilichomchoma ni tafsiri. Kutafsiri si kama kuhubiri. Ukihubiri unaweza kuruka mstari usioupenda ukaenda kwa unaoupenda. Ukitafsiri lazima ukae na kila neno, na kando yako kuna mtu ambaye lugha ni yake, anakuuliza: hapa unamaanisha nini hasa? Huku kwetu Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka wa 1844, na natamani sana kujua aliulizwa nini mezani. Kwa upande wa Colenso tunajua, kwa sababu aliandika.

Walikuwa wamefika kwa safina ya Nuhu. Ngidi akasimamisha kazi akamuuliza kama hayo yote ni kweli. Je, yeye askofu anaamini kweli kwamba wanyama wote na ndege wote, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia kwa hiyo safina? Na Nuhu ndiye aliyewatafutia wote chakula, hata wale wanaokula nyama?

Mimi hilo swali la chakula ndilo linaniua. Si swali la falsafa. Ni swali la mtu anayejua mifugo. Ng'ombe hali maneno. Mtu yeyote aliyewahi kukata majani ya ng'ombe mmoja tu wa shosho wakati wa kiangazi anajua kuna kazi hapo, na hata hatujafika kwa simba.

Colenso alikwama. Alikuwa amesoma jiolojia ya wakati wake, na alijua kutoka kwa miamba kwamba gharika la kufunika dunia nzima halikutokea vile inasemwa. Alikuwa anajua, lakini alikuwa ameliweka mbali, vile sisi tunaweka mambo mengi mbali. Sasa kuna mtu ameketi mbele yake anasubiri jibu. Aliandika baadaye kwamba, akiwa mtumishi wa Mungu wa kweli, hakuthubutu kumsukuma ndugu yake aamini kitu ambacho yeye mwenyewe haamini.

Rudia hiyo polepole. Hakusema imani yake imeisha. Alisema imani yake ndiyo inamkataza kudanganya.

Basi akafanya kile mwalimu wa hesabu hufanya. Alifungua kitabu cha Hesabu (enyewe jina la Kiswahili limemfaa) na vingine vitano vya kwanza vya Biblia ukihesabu na Yoshua, akatoa kalamu. Hesabu inasema wanaume wa umri wa vita waliotoka Misri walikuwa 603,550. Ukiongeza wanawake, watoto na wazee, unafika watu kama milioni 2. Halafu Mambo ya Walawi inasema kusanyiko lote lilikusanyika mlangoni pa hema. Colenso akapima upana wa hema kama ulivyoandikwa, akapanga wale wanaume peke yao, bila wanawake na watoto, tisa tisa kwa kila safu, wamesongamana. Foleni ikatoka futi zaidi ya 100,000. Hiyo ni karibu kilomita 30. Yaani mlango wa hema uko katikati ya tao, na mtu wa mwisho kwa foleni ako Juja.

Kitabu kilianza kutoka London mwaka wa 1862, na sehemu ya saba ikatoka 1879. Hoja yake haikuwa kwamba Mungu hayuko. Hoja yake ilikuwa kwamba vitabu hivyo viliandikwa na watu, baadaye sana, si Musa mkono kwa mkono, na kwamba mtu hafai kuambiwa imani yake kwa Kristo inategemea kukubali hesabu isiyoingiana. Leo hoja kama hizo zinafundishwa katika vyuo vingi vya theolojia duniani, na kuna mapasta wengi wanazijua vizuri kuliko mimi na wewe. Wakati huo zililipuka.

Magazeti yalicheka kwanza. Utani ulikuwa kwamba askofu alienda kuwageuza Wazulu, Mzulu akamgeuza askofu. Watu wakatunga mashairi ya kumkejeli. Na ukiangalia vizuri, kicheko chenyewe hakikuwa juu ya Nuhu. Kilichowachekesha ni kwamba Mwafrika ameuliza na Mzungu amesikiliza. Kama swali hilo hilo lingetoka kwa profesa wa Ujerumani (na maprofesa wa Ujerumani walikuwa wameuliza zaidi ya hapo kwa miaka mingi) hakuna mtu angeona kichekesho.

Ndio maana nimesema jina si kitu kidogo. Hata Colenso mwenyewe, kwenye ule utangulizi wake maarufu, hakumtaja Ngidi kwa jina. Alimwita tu mwenyeji mmoja, mtu wa akili ya kawaida lakini mwerevu, kitu kama hicho. Mtu ameanzisha moto wa kanisa zima, na lebo anayopewa ni hiyo.

Sasa kuna kitu kingine sikutarajia nilipoanza kusoma hii stori. Waliomshambulia Colenso si wahafidhina pekee. Matthew Arnold, mshairi na mhakiki, ambaye mwenyewe hakuwa na imani ya kunyooka, alimwandikia makala kali mwanzoni mwa 1863. Shida yake haikuwa kwamba Colenso amekosea hesabu. Shida ilikuwa kwamba kitabu hicho hakiwaambii wasomi kitu kipya, na kwa watu wa kawaida hakijengi chochote, basi kiliandikwa cha nini? Na F. D. Maurice, mwanatheolojia aliyekuwa rafiki na mwalimu wake wa kiroho, naye akamgeuka. Huyu Maurice alikuwa amefutwa kazi King's College London mwaka wa 1853 kwa kutilia shaka adhabu ya milele! Na mwaka huo huo Colenso alikuwa amesimama naye hadharani, akamtolea kitabu chake cha mahubiri.

Kwa hivyo kulikuwa na watu wengi wenye shaka katika kanisa la Uingereza. Shaka ilikubalika, mradi iko maktaba, imefungwa mlango, na inaongewa na watu wa daraja fulani kwa sauti fulani. Kosa la Colenso lilikuwa kuitoa nje, kwa kitabu cha kununuliwa na mtu yeyote, na kukiri imeanzia kwa Mzulu.

Hii ndiyo inaniuma kuhusu huku kwetu. Kuna kijana namjua alikuwa anapiga kinanda kanisani kwao, miaka mitatu, bila kukosa Jumapili. Siku moja kwenye ushirika wa katikati ya wiki akauliza kitu kuhusu gharika, swali karibu sawa na la Ngidi, na hakuwa amesoma Ngidi popote. Akaambiwa ataombewa. Jumapili iliyofuata kinanda kilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia kitu. Hakuacha Mungu. Aliachishwa kinanda, na baada ya miezi kadhaa akaacha kwenda. Pengine aliyemtoa alikuwa amesoma theolojia, na jibu la lile swali analijua tangu mwaka wa pili wa chuo.

Colenso naye walijaribu kumtoa kwa kinanda. Robert Gray, Askofu wa Cape Town, alimshtaki kwa uzushi, na mwishoni mwa 1863 akamhukumu avuliwe uaskofu. (Kwa kanisa mzushi ni mtu wa mafundisho ya uongo. Kwa mtaa mzushi ni mtu anayependa vita. Colenso aliitwa yote mawili.) Yeye hakuenda popote. Alikata rufaa kwa serikali ya Uingereza, na mwaka wa 1865 Baraza la Malkia likasema Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumfukuza. Gray akamtenga na kanisa hata hivyo. Mwaka wa 1869 akatawazwa askofu mwingine wa upande wa Gray, jina lake Macrorie, na mji mmoja wa Pietermaritzburg ukawa na maaskofu wawili. Ukifikiri mambo ya kanisa kugawanyika na kila mtu kushikilia funguo za jengo yameanza Kenya, pole.

Fujo hiyo ni moja ya sababu kubwa zilizofanya maaskofu wa Anglikana 76 wakutane London mwaka wa 1867, ule mkutano wa kwanza wa Lambeth. Colenso hakualikwa. Na kuna wimbo maarufu sana kuhusu msingi mmoja wa kanisa, ambao Waanglikana wanauimba hadi leo kwa lugha nyingi. Aliutunga kasisi Mwingereza, Samuel Stone, mwaka wa 1866, akiwa amechochewa na ugomvi huu huu wa Colenso. Yaani swali la Ngidi kuhusu chakula cha wanyama limo humo ndani, kama jiwe kwa kiatu, na watu wanaimba wamefunga macho.

Sasa turudi kwa lebo. Mwaka huo wa 1869 kulikuwa na mtu mwingine London anatafuta jina. Thomas Huxley, mwanasayansi, alikuwa amejiunga na klabu mpya ya mijadala ambapo kila mtu alikuwa na jina la msimamo wake. Yeye hakuwa na lolote. Alisimulia baadaye kwamba alijiskia kama yule mbweha wa hadithi aliyepoteza mkia, katikati ya mbweha wenye mikia mirefu. Basi akajitengenezea neno, agnostiki, kutoka Kigiriki, makusudi liwe kinyume cha wale Wagnostiki wa kale waliodai kujua siri zote.

Watu wengi hutumia neno hilo kumaanisha "sijaamua". Huxley hakumaanisha hivyo. Alimaanisha kanuni: usidai una uhakika wa kitu ambacho huna ushahidi wa kutosha kwacho. Ukiliangalia hivyo, halipingani na kuwa Mkristo moja kwa moja. Leslie Weatherhead, mhubiri Mmethodisti aliyejaza City Temple kule London kwa zaidi ya miaka 20, aliandika kitabu mwaka wa 1965 ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Mkristo Agnostiki. Aliwalenga watu wanaompenda Kristo lakini hawawezi kutia sahihi kila fundisho. Ushauri wake ulikuwa kwamba lile usiloweza kulikubali kwa sasa liweke kwa kisanduku akilini, lisubiri mwanga zaidi, uendelee kutembea. Ni ushauri mzuri. Nimeutumia.

Lakini jina lenyewe, hapa Nairobi, silitaki. Jina halikai kwa kamusi, linakaa kwa maskio ya anayeliskia. Ukimwambia shosho wewe ni Mkristo agnostiki, ameskia umeacha Mungu. Ukiwaambia wasioamini, wameskia unaogopa kumaliza safari. Utatumia maisha yako yote ukieleza jina badala ya kueleza imani. Na hiyo ni mbali na kwamba ni jina la mtu ambaye hakuwa Mkristo, alilolitengeneza kwa ajili ya klabu yake.

Sensa ya 2019 inaonyesha tatizo vizuri. Kulikuwa na masanduku ya Mkatoliki, Mprotestanti, Mwinjilisti, makanisa ya Kiafrika, Mwislamu na kadhalika. Zaidi ya watu 755,000 walihesabiwa kama wasio na dini. Halafu kuna wengine zaidi ya 73,000 wako chini ya "sijui". Najua, wengi wa hao pengine ni mtu aliyekuwa anajibu kwa niaba ya nyumba nzima na hakujua binamu anasali wapi. Lakini napenda kufikiria kwamba kuna mmoja wao alikuwa anaongea kuhusu yeye mwenyewe.

Tukitafuta majina kwetu, yapo. Na karibu yote hatukuyachagua. Hata neno Mkristo: Matendo ya Mitume inasema wanafunzi waliitwa hivyo mara ya kwanza Antiokia. Waliitwa, na watu wengine. Methodisti lilikuwa jina la utani wanafunzi wa Oxford walilowapa kina Wesley kwa kupenda ratiba kupita kiasi. Balokole, jina la Kiganda la waliookoka wa ule uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, lilianza kama kejeli kabla ya kuwa heshima. Kwa kawaida wanaokucheka ndio wanakubatiza.

Ila kuna jina moja ambalo nalirudia kila wakati. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Buganda mwaka wa 1877, Wakatoliki 1879. Vijana wa ikulu walioanza kujifunza dini kwao hawakuitwa waumini kwanza. Waliitwa basomi, wasomaji. Kuwa wa dini na kusoma lilikuwa neno moja. Na usifikiri ni jina la mchezo: wasomaji hao ndio waliochomwa Namugongo mwaka wa 1886 chini ya Kabaka Mwanga. Kwa Wakikuyu ilikuwa hivyo hivyo, wa misheni waliitwa athomi, wasomaji.

Sitalipaka rangi. Athomi wengi walijiona juu ya wenzao, nguo safi, nyumba za pembe nne, dharau kidogo kwa aliyebaki nje. Lakini kusoma kuna hatari moja ambayo mwalimu hawezi kuizuia: ukishajua kusoma, unasoma hata kurasa ambazo hakukupangia. Ndicho kilichotokea Ukikuyuni kuanzia 1929, misheni zilipokataza tohara ya wasichana na kufukuza waliokataa kuapa. Tohara yenyewe siitetei hata kidogo. Ninachokiona ni kwamba watu waliofundishwa kusoma Biblia waliigeuza Biblia kwa walimu wao: nionyeshe imeandikwa wapi, na kama wake wengi ni dhambi ya kutupa mtu nje, Yakobo tunamweka wapi? Wakatoka wakajenga makanisa na shule zao. Hawakutoka kwa kutoamini, wala hawakuhitaji jina jipya kutoka London.

Ngidi alikuwa msomaji wa aina hiyo. Colenso pia, kwa sababu Ngidi alimfanya asome upya.

Na ukitaka kujua Colenso aliishia kuitwaje, iko hivi. Gray alimwita mzushi. Wengine walimwita kafiri. Yeye aliendelea kujiita Mkristo, Mwanglikana na Askofu wa Natal, na akaendelea kuhubiri kwa kanisa kuu lake pale Pietermaritzburg. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu. Unaona neno lenyewe lilivyo karibu na letu.

Hilo jina halikutoka kwa hesabu za foleni. Mwaka wa 1873 chifu Langalibalele wa Wahlubi aligombana na serikali ya Natal kuhusu kusajili bunduki. Watu wake wakashambuliwa, ardhi ikachukuliwa, yeye akahukumiwa kwa kesi ya aibu na kufungwa Robben Island. Mpaka hapo Colenso alikuwa mtu wa serikali, rafiki mkubwa wa Theophilus Shepstone aliyesimamia mambo ya Waafrika, na aliamini utawala wa Uingereza ni wa haki. Lakini alikuwa na tabia ile ile: nionyesheni ushahidi. Akasoma ushahidi mstari kwa mstari kama alivyosoma Mambo ya Walawi, akaona hauingiani, akasema hivyo hadharani. Urafiki na Shepstone ukaisha, na masetla waliokuwa wamemtetea kwa mambo ya Musa wakamwacha. Kwao kutilia shaka Nuhu ilikuwa sawa. Kutilia shaka serikali hapana.

Januari 1879 Uingereza ikavamia Uzulu, na ikapigwa vibaya pale Isandlwana. Koloni lilikuwa linalia kisasi. Wiki chache baadaye Colenso akasimama kwa mimbari akahubiri kutoka Mika, pale panapouliza Mungu anataka nini kwa mtu, akawauliza Waingereza haki na rehema yao kwa Wazulu iko wapi. Alikufa Juni 1883 bado anapigania hiyo kesi, na binti zake, hasa Harriette, wakaendelea nayo.

Watu wenye uhakika wa kila kitu walibariki hiyo vita. Mzee aliyekuwa na maswali aliipinga. Sisemi ni kanuni, nasema ndivyo ilivyokuwa hapo.

Tukiongea shaka lazima mtu alete Tomaso, basi acha nimalize naye haraka. Hakuna mahali Injili inamwita Tomaso Mwenye Shaka. Inamwita Pacha. Hiyo nyingine tumembandika sisi. Ni yeye huyo huyo aliyewaambia wenzake waende na Yesu Yudea hata kama ni kufa, na hakuna mtu anamwita Tomaso Jasiri. Lakini kitu ninachopenda zaidi ni kalenda. Alisema haamini mpaka aguse, na baada ya siku nane bado ako na wale wengine, ndani ya nyumba moja, milango imefungwa. Hawakumtoa. Naye hakutoka. Siku nane za kula pamoja na mtu ambaye amekataa ushuhuda wenu wote.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi najiita nani, najiita Mkristo. Ukitaka neno la pili, msomaji. Msomi hapana, hilo siku hizi linataka digrii na mimi sina. Msomaji ni mtu ambaye kitabu bado kiko wazi mikononi. Shosho akiliskia haogopi, na hata mtu asiyeamini hawezi kulicheka sana. Kama una jina lingine linalokufaa, tumia, sio mimi nitakunyima. Omba tu lisiwe jina la mtu anayeshuka kwa matatu kama hushuki.

Na Ngidi? Yule wa akili ya kawaida? Mwaka wa 1859 alisafiri na Colenso hadi kwa Mfalme Mpande wa Wazulu, yeye na wenzake wawili, Magema na Ndiyane. Wote watatu waliandika walichokiona, kwa Kizulu, na mwaka wa 1860 maandishi yao yakachapishwa. Yaani miaka miwili kabla ya kitabu cha askofu kumtambulisha kwa dunia bila jina, William Ngidi alikuwa tayari mwandishi.